SOMO: Kuweka mwingiliano wa kweli (ishara kuvurugana) kwenye simulesheni ya Wi-Fi (ns-3, programu ya kuiga mitandao)

Msimu wa TFC (kazi ya kumaliza masomo chuoni) umefika Bukavu na swali ni lile lile: "Kaka, mtandao wangu wa simulesheni haujapoteza pakiti hata moja, niandike hivyo?" Usiandike. Wi-Fi ya namna hiyo haipo kuanzia Bagira hadi Panzi. Atakayeuliza tena nitamtuma hapa.

1. Sakinisha ns-3, endesha mfano mmoja wa Wi-Fi.

2. Ondoa RateErrorModel. Inatupa pakiti kwa asilimia uliyoiandika wewe mwenyewe, halafu asilimia hiyo unaileta kama matokeo.

3. Modeli ya makosa (inayoamua pakiti ipi imesomeka na ipi imeharibika): NistErrorRateModel au TableBasedErrorRateModel. YansErrorRateModel ni karimu mno kwa OFDM (namna Wi-Fi inavyobeba data kwenye masafa mengi madogo). Inapokea pakiti ambazo redio halisi ingeshindwa kuzisoma.

4. Upotevu wa nguvu njiani: LogDistance (modeli inayopunguza nguvu kadiri umbali unavyoongezeka), kipeo 3, inatosha kuanzia. Ila ReferenceLoss (upotevu wa kuanzia) inayokuja nayo, dB 46.68 (dB ni kipimo cha uwiano wa nguvu), ni ya 5.15 GHz kwa mita 1. Kwa 2.4 GHz weka kama 40. Ukisahau, umetupa nguvu zaidi ya mara nne.

5. Hapa soma polepole. Kurundika nodi (vifaa vya mtandao) si kuongeza mwingiliano. Wi-Fi husikiliza kabla ya kusema, kwa hiyo nodi zinazosikiana zinapeana zamu: mtandao unakuwa mzito, lakini pakiti hazigongani sana. Anayeharibu ni yule asiyemsikia mwenzake. Weka ruta bondeni, nyumba A kwenye mteremko wa Kadutu, nyumba B ng'ambo ya mgongo wa kilima. LogDistance haijui kilima, inajua mita tu. Tumia MatrixPropagationLossModel, upe kila jozi upotevu wake. Kati ya A na B weka dB 200. Sasa wote wawili watasema kwa pamoja na ruta itawasikia wote.

Kinachofuata ndani ya programu ni hiki: nguvu ya mvamizi inajumlishwa na kelele, pakiti inakatwa vipande kila mvamizi anapoingia au kutoka, kila kipande kinapata uwezekano wake wa kupona, kisha vyote vinazidishwa. Mfano: ishara ni -70 dBm (nguvu ikilinganishwa na miliwati 1). Kelele kwenye upana wa 20 MHz, pamoja na dB 7 za kipokezi chenyewe, ni -94. Una dB 24 mkononi. Jirani akiingia na -80, unabaki na chini ya 10. 64-QAM (namna ya kutuma kwa kasi) inaanguka, BPSK (ya polepole lakini ngumu kuharibika) inapita.

ONYO: dBm hazijumlishwi kama bei za sokoni. -80 mbili zinatoa -77. Badili kuwa miliwati kwanza.

ONYO: usihesabu hasara kwenye programu ya juu. Wi-Fi hutuma tena kimyakimya, nawe unaona sifuri. Fuatilia PhyRxDrop (taarifa ya kila pakiti ambayo redio imeshindwa kuipokea).

ONYO: endesha bila RTS/CTS (kuomba na kupewa ruhusa kabla ya kutuma), kisha nayo. Ukiiwasha tangu mwanzo, tatizo unalolitafuta linafichwa.

6. Badili SetRun (namba inayobadilisha bahati nasibu ya kila mzunguko), rudia mizunguko mingi, toa wastani pamoja na upana wa matokeo kuuzunguka.

MASWALI

nguba_243: Kaka nimefanya yote bado sifuri. Haraka tafadhali, napeleka kesho.

Mwandishi: Hatua ya 5, onyo la pili.

nguba_243: Nimesoma hiyo.

Mwandishi: Basi bandika PhyRxDrop yako.

nguba_243: Sijaiweka.

Mwandishi: Haya.

mama_redio: Asanti kaka. Jirani yangu ana mikrowevu, akiiwasha Wi-Fi inakufa. YansWifiPhy (redio ya Wi-Fi ndani ya ns-3) itaiona?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Haitaiona, inajua ishara za Wi-Fi tu. Tena chaneli 1 na 3 kwake hazigusani, wakati kwa kweli zinapandana: zimeachana 10 MHz na kila moja ina upana wa 20. Hamia SpectrumWifiPhy (redio inayoona masafa yote) pamoja na MultiModelSpectrumChannel. Mikrowevu imo tayari: MicrowaveOvenSpectrumValueHelper inakupa umbo la mawimbi yake, WaveformGenerator inayarusha. Itaendesha polepole zaidi, vumilia.

mwana_kadutu: Hizo dB za kila jozi natoa wapi? Nabuni?

Mwandishi: Tembea na simu yenye programu ya kuonyesha dBm. Ruta inatuma 20, simu inasoma -75, upotevu ni 95. Simu si kipimo cha maabara na antena zina mchango wake, lakini ni bora kuliko kubuni. Pima mara kadhaa kila mahali.

kijana_panzi: Mimi umeme ukikatika mizunguko yote inapotea.

mama_redio: Kila mzunguko uandikie faili lake, jina liwe namba ya SetRun. Umeme ukirudi unaendelea ulipoishia.

Mwandishi: Ndivyo. Na ujenge kwa --build-profile=optimized, betri itakushukuru. Ila humo NS_LOG (ujumbe wa ufuatiliaji) haiandiki kitu, msije kuniuliza imekwenda wapi.