Kabla Kipandauso Hakijakukuta Zamuni

Saa tisa usiku nimeshika bomba la sindano karibu na taa, nahesabu mililita. Nne naiona, sita naiona, tano haipo. Nikalisogeza zaidi. Mahali pa tano pakawa na kitu kinachometameta kama maji ya jua kali, kimepinda mfano wa mundu, na kila nikipepesa macho kinapanuka. Nikamwita mwenzangu: "Sista, macho yamenikataa." Hakuuliza swali, akanyoosha mkono.

Maneno hayo sikuyabuni pale. Tulikuwa tumeshakubaliana wiki mbili nyuma, nikiwa mzima, kwamba nikiyasema yeye anashika dawa zangu na mimi naketi. Kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa ya kujirudia, kikishaanza, akili haipangi kitu. Hata jina la mgonjwa unaweza kulitafuta. Kwa hiyo yote yanayofuata hapa ni ya kufanywa siku ambayo kichwa hakiumi.

Kwanza, utambuliwe na daktari kama mgonjwa mwingine yeyote. Sisi wauguzi tunajipima wenyewe kwa mazoea, tunasema "ni uchovu tu" mwaka mzima. Kipandauso kisipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na 72, mara nyingi kinapwita upande mmoja, ukipanda ngazi kinazidi, na huja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Eleza vilevile kama kabla ya maumivu huona mimeto, au ganzi inakutambaa mkononi na usoni. Hiyo ndiyo aura, kwa kawaida ya dakika 5 hadi 60, na kuwa nayo au kutokuwa nayo hubadilisha mengi.

Mojawapo ni uzazi wa mpango. Mwenye aura hashauriwi kutumia vidonge vyenye homoni ya estrojeni, kwa sababu ya hatari ya kiharusi, na akivuta sigara hatari inaongezeka. Zipo njia zisizo na estrojeni, kaulizie. Wauguzi wenyewe wametufundisha jambo hapa: kuanzia 1989 zaidi ya wauguzi wanawake 115,000 nchini Marekani walifuatiliwa kwa miaka zaidi ya 20, na matokeo yaliyotoka 2016 yalionyesha kuwa waliokuwa na kipandauso walipata magonjwa makubwa ya moyo na mishipa, kiharusi kikiwemo, kwa takribani nusu zaidi ya wenzao. Usitishike, maana kwa mwanamke mmoja mmoja hatari yenyewe bado ni ndogo. Lakini wewe unayepima presha za watu kutwa nzima, yako uliipima lini?

Sasa dawa, na hapa ndipo tunapoangukia. Mtu anayeshinda karibu na kabati la dawa humeza bila kuhesabu: mbili kabla ya zamu "kwa tahadhari", mbili katikati, mbili za kulalia. Parasetamoli au ibuprofeni ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, au triptani (dawa mahususi za kutuliza kipandauso) na dawa za maumivu za mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe hugeuka kuwa chanzo cha maumivu. Kinachohesabiwa ni siku, si vidonge. Weka alama kwenye karatasi ileile ya ratiba ya zamu, maana hiyo huipotezi. Alama zikikaribia kumi, omba kuzungumzia dawa za kinga, zile za kuzuia shambulio lisije. Na ukiandikiwa triptani, dozi ya kwanza ijaribu nyumbani siku ya mapumziko. Wengine huwaletea usingizi au kubanwa kifua. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au ambaye presha yake haijadhibitiwa hapewi kabisa.

Alama hizohizo zitakuonyesha mtindo. Kwa wengi shambulio huja siku mbili kabla ya hedhi hadi siku tatu za mwanzo wake. Kwa wengine ni usiku wa kwanza baada ya zamu za mchana, au asubuhi ya kwanza ya mapumziko, wakati mwili unalala kupita kiasi na kahawa haijaingia. Ukiujua mtindo wako unaweza kumwomba msimamizi wa wodi jambo mahususi, mathalani usiku mfululizo badala ya kurukaruka, na ombi la namna hiyo hukubaliwa upesi kuliko "mimi huumwa kichwa". Kula na kunywa maji unajua, usiruke, basi.

Kama una mpango wa kubeba mimba, mwone daktari kabla, kwa kuwa valproeti na topirameti, zinazotumika kama kinga, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na ukiwa mjamzito au umetoka kujifungua, usikiite kila kichwa kipandauso: kichwa kikali chenye presha ya juu kinaweza kuwa dalili ya kukaribia kifafa cha mimba. Vivyo hivyo maumivu yanayofika kileleni ndani ya dakika moja, homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja, au maumivu mapya baada ya miaka 50. Hayo yanapelekwa hospitali mara moja hata kama umeshazoea kuumwa.

Mwisho, panga utakavyofika nyumbani. Kuendesha gari ukiwa na aura haifai, kwa hiyo namba ya wa kukuchukua iwe tayari kwenye simu. Na kwenye makabidhiano, dawa uliyoanza kuivuta kwenye bomba usimwachie mtu amalizie. Bomba langu la usiku ule mwenzangu alilitupa, akafungua kichupa kipya na kuanza kuhesabu mwenyewe.