Kupata tungamo la maharage kwa kugonganisha vigari

Funga mfuko wa maharage ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, juu ya kigari B cha kilo 0.5, ukaze usicheze. Bandika plastisini (udongo laini unaonata) ubavuni pa kigari, upande utakaogongwa. Inua ubao vinapopita vigari upande mmoja kidogo kidogo, hadi kigari ukikisukuma kiende kwa kasi ileile. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: msuguano hupunguza kasi ya mwisho, maharage yakaonekana mazito kuliko yalivyo.

Sukuma kigari A, nacho kilo 0.5, kigonge B kilichotulia, vigandane. Tuseme A kilikuwa na mita 0.60 kwa sekunde, kisha vyote 0.20. Momenta, yaani tungamo mara kasi, haipotei; M ni tungamo la vyote vilivyogandana:

0.5 × 0.60 = M × 0.20

M ni kilo 1.5, toa vigari viwili, maharage ni kilo 0.5. Ukisoma 0.19 badala ya 0.20, umeongeza karibu gramu 80, kwa hiyo pima kasi papo hapo baada ya mgongano.