Somo: Kurekodi wimbo kwa kaseti, mashine ya treki nne

Wakuu, hili ni la wale wanaotaka mlio wa kaseti wenyewe, sio plagini (programu ya kompyuta inayoiga mlio huo). Mashine ni zile za familia ya Portastudio, zinazorekodi treki nne (njia nne za sauti, kila moja peke yake) kwenye kaseti moja, TASCAM walianza kuzitoa 1979 na mpaka leo zilizotumika bado zinauzwa.

1. Safisha kwanza. Chukua pamba ya masikio na alkoholi ya asilimia 90 kwenda juu, sugua hedi (kichwa kinachorekodi na kusoma utepe) na kile kichuma kinachozunguka, ikitoka na rangi ya kahawia endelea mpaka itoke nyeupe, uchafu huo ndo unaomeza treble (sauti nyembamba za juu).

2. Tafuta kaseti ya krom, Taipu II, C60 (dakika 60, yaani 30 kila upande). C90 utepe wake mwembamba, C120 achana nayo kabisa inatafunwa. Rekodi upande mmoja tu maana treki nne zinachukua upana wote wa utepe, ukigeuza utasikia wimbo unaenda kinyumenyume. Na kama mashine yako inakimbia spidi ya mara mbili hiyo C60 inakupa dakika 15 tu.

3. Level. Sindano ya kipimo cha sauti icheze kwenye 0 na ngoma zipite juu kidogo, usiogope, kaseti inabana sauti yenyewe na ngoma zinanenepa vizuri sana. Ukirekodi chini utabaki na ule mvumo wa ssss.

4. Ngoma treki 1, gitaa 2, besi 3, halafu zote unazibaunsi (unazinakili kwa pamoja) kwenda 4. Besi nimeiweka 3 makusudi, treki za jirani zinavujiana hasa treble na inaweza kupiga filimbi. Balansi vizuri kabla hujafuta maana hutozitenganisha tena, treble ongeza kidogo inapungua kila ukinakili. Sasa 1 mpaka 3 ziko wazi, imba.

Swali: Mkuu mi nina redio kaseti ya kawaida tu, inafaa?
Jibu: Inafaa kurekodia miksi iliyokamilika kutoka mashine ya treki nne. Ila nyingi zinajipandishia level zenyewe, pakiwa kimya mvumo unapanda, deki yenye nobu ya kurekodi ni bora zaidi.

Swali: dbx (ile ya kupunguza mvumo) niwashe au nizime?
Jibu: Ukirekodi nayo lazima usikilizie nayo. Kwa mlio mchafu zima.

Swali: Sauti inayumbayumba kaka, shida nini?
Jibu: Angalia belti ya mpira ndani, ikizeeka inalegea, fundi redio anakubadilishia. Kama ni mpya basi safisha kigurudumu cha mpira kinachobana utepe, hicho tumia maji yenye sabuni kidogo, alkoholi inakikausha.