Kujenga Kiwanda Kidogo cha Mvinyo Dodoma: Ardhi, Majitaka na Vibali vya Halmashauri

Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi au Mvumi aliyechoka kuuza mchuzi wa zabibu (maji yaliyokamuliwa) kwa bei anayopangiwa na mnunuzi kwa kawaida huanza safari ya kusindika mvinyo wake kwa kuulizia bei ya matangi na mashine ya kukamulia. Ingefaa aanzie kwa afisa mipangomiji, kwa sababu kile anachokiita kiwanda kidogo, mbele ya halmashauri ni matumizi matatu ya ardhi katika eneo moja: shamba, kiwanda cha chakula na, ikiwa wageni wataonja na kununua hapo hapo, sehemu ya kuuzia vileo. Kila tumizi lina masharti yake, na kuruhusiwa moja hakuyafungulii mlango yale mengine.

Jambo la kwanza ni kujua uko chini ya mamlaka ipi. Hombolo na Mpunguzi ziko ndani ya Jiji la Dodoma, ilhali Mvumi iko Chamwino, yenye halmashauri yake ya wilaya. Aliye jijini na bado anashikilia nyaraka za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyovunjwa mwaka 2017, ahakikishe kwamba kumbukumbu za kiwanja chake zinasomeka katika ofisi ya ardhi ya jiji kabla ya kuomba chochote kingine.

Kwa kiwanja kilichopimwa, soma tumizi lililoandikwa kwenye hati na ulilinganishe na mchoro wa mipangomiji wa eneo hilo. Ikiwa hati inasema makazi au kilimo, omba mabadiliko ya matumizi chini ya Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 kabla mchoraji hajaanza kazi. Kwa ardhi ya kijiji, mambo huongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999: maombi huanzia kwa halmashauri ya kijiji, na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, kama upo, ndio utakaoonyesha iwapo eneo hilo limetengwa kwa malisho, makazi au shughuli za uzalishaji. Nenda na ramani ya eneo mkononi. Maelezo ya mdomo mbele ya mkutano huzaa tafsiri nyingi, na mojawapo inaweza kurudi baadaye kama mgogoro wa mpaka.

Majitaka ndiyo yanayostahili muda wako mwingi kuliko jambo lolote jingine. Kuosha kreti, matangi, mabomba na sakafu hutumia maji mengi kuliko mvinyo wenyewe, na maji hayo hutoka yakiwa na sukari, tindikali na mashapo ambayo huoza haraka, hunuka na kumaliza oksijeni katika kijito chochote yanakoingia. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, hivyo mzigo huo hauji kidogo kidogo, bali hufurika katika wiki chache za ukamuaji, na mavuno ya mwanzoni mwa mwaka huangukia wakati mvua hazijakwisha. Mwombe mhandisi apige hesabu ya mabwawa ya kutulizia maji kwa siku yenye kazi nyingi kuliko zote, kwani wastani wa mwaka utakudanganya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa, na walio karibu na bwawa la Hombolo wapime umbali huo kwa futikamba, si kwa macho. Kuchimba kisima na kutiririsha majitaka kunahitaji vibali vya ofisi ya bonde la maji. Ukiwa upande wa Makutupora, ambako visima vinalisha jiji, tarajia kuulizwa maswali mengi zaidi. Makapi ya zabibu yatengewe mahali pake kwenye mchoro, iwe ni shimo la mboji au eneo la kuyakaushia.

Mradi wenyewe usajiliwe kwa mamlaka ya mazingira ya taifa, ambayo ndiyo itakayoamua kina cha tathmini unayodaiwa. Usijipangie daraja mwenyewe.

Michoro ya kibali cha ujenzi ioneshe sakafu yenye mteremko kuelekea mfereji, chumba cha kuchachulia chenye matundu ya hewa karibu na sakafu (hewa ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye mvinyo unaochachuka ni nzito na hujikusanya chini, ikaweza kuua), vyumba vya kubadilishia nguo, na njia ya gari la zimamoto. Afisa afya, Zimamoto, OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na TBS (shirika la viwango) wote watalikagua jengo hilo hilo, hivyo ni nafuu kuwaonyesha michoro mapema kuliko kubomoa ukuta baadaye.

Chumba cha kuonjea kiombewe peke yake. Leseni ya vileo hutolewa chini ya Sheria ya Vileo Na. 28 ya 1968, na pingamizi mara nyingi hutoka kwa shule au nyumba ya ibada iliyo jirani. Zungumza nao kabla ombi halijafika kikaoni, ukiwaonyesha saa za kufungua, vyoo na maegesho ulivyovipanga. Kama majibu yao ni hapana, omba kibali cha uzalishaji peke yake, na mvinyo uuzwe mjini kwa wenye leseni.