Kabla Hujakubali Sindano ya Misuli

Vijana wangu wa gym hapa Kisauni, mkiletewa kile kichupa cha mafuta ya manjano, kataeni. Ni testosteroni, yaani homoni ya kiume, ya kutengenezwa: misuli hujaa kweli, lakini mwili huacha kutengeneza yake, korodani husinyaa, mbegu hupungua, na mwanamume aweza kuota matiti. Moyo ndio unaonitia hofu zaidi. Mafuta mabaya hupanda kwenye damu na misuli ya moyo hunenepa. Dada zangu, sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi.

Ulishaanza? Usiache kimyakimya. Nenda kwa daktari, upimwe presha, ini na mafuta ya damu, umwambie kila ulichodunga. Sindano msichangie kamwe.

Kujenga misuli bila sindano, mwenye kilo 70 ale protini kama gramu 110 kwa siku: vibua, mayai, kunde. Vyuma aongeze kidogo kidogo.