Kifaa cha kupandikizwa jichoni kwa mzee: ya kufanya kabla ya kuuza ng'ombe

Mzee akisema "sioni", muulize haoni vipi. Akisema ukungu umetanda kila mahali na jua la mchana linamsumbua, mshuku mtoto wa jicho. Akisema uso wa anayemsalimia umefutika lakini kuku anayepita pembeni anamwona, shida iko kwenye makula, kile kidoa cha katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) tunachokitumia kusoma na kutambua sura. Akigonga miimo ya milango huku maandishi anayasoma bado, huenda ni presha ya macho. Huyo mwahishe hospitali, kwani kilichopotea kwa presha hakirudi.

Vifaa vya kupandikizwa jichoni ambavyo habari zake husambazwa kwenye WhatsApp kila mara ni vya kundi la pili tu, wale wa makula, tena wachache ndani yake.

Nyumbani unaweza kuyapima makula bila gharama. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10 kwenye karatasi nyeupe, ugawe kwa mistari myeusi kila milimita 5, upate vyumba 20 kwa 20, kisha weka nukta nene katikati. Mzee avae miwani yake ya kusomea, akae penye mwanga, karatasi iwe sentimita 30 hivi kutoka usoni. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, akazie nukta, aseme anachokiona. Wengi huanza kuifuata mistari kwa jicho, na hapo kipimo kimeharibika. Mrudishe kwenye nukta. Rudia kwa jicho la pili, maana jicho zima huficha ubovu wa mwenzake kwa miaka.

Mistari ikipinda, au kipande kikikosekana, mpeleke kliniki. Ikiwa kupinda kumeanza ghafla ndani ya siku chache, nenda kesho asubuhi: huenda mishipa mipya ya damu inavuja chini ya retina. Aina hiyo hutibiwa kwa sindano za jichoni, mwanzoni kila mwezi, na bevasizumabu ni mojawapo ya dawa zinazotumika sana. Kovu likishajijenga, sindano haina cha kuokoa.

Kwa mtu wa Arusha, hospitali ya Mount Meru ni pa kuanzia. Wa vijijini Kilimanjaro aanze hospitali ya wilaya. Omba barua ya rufaa kwenda KCMC, Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda yenye idara ya macho. Beba miwani yote ya zamani, dawa za presha na sukari anazotumia, na kofia pana. Matone ya kupanua mboni humwacha na ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo asirudi peke yake, na bodaboda asiiguse siku hiyo. Kabla ya kutoka, omba uandikiwe mambo matatu: uwezo wa kila jicho (6/60, 3/60 na kadhalika), kama lenzi yake ya asili bado ipo, na hali ya makula. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua mengine yote.

Ikiwa shida ni mtoto wa jicho peke yake, furahini. Lenzi ya plastiki ya milimita 6 hivi, iliyopimwa nguvu kwa jicho lake mwenyewe, huwekwa mahali pa ile iliyochafuka. Hicho ndicho kipandikizi ambacho wazee wengi wa kwetu wanakihitaji.

Makula yakiwa yamekufa macho yote mawili, vipandikizi viwili ndivyo vinavyozungumzwa sana, na havimo katika kazi za kila siku za kliniki zetu. Cha kwanza ni darubini ndogo ya kioo, urefu wa milimita 4.4, iliyopata kibali Marekani mwaka 2010. Huwekwa jicho moja mahali pa lenzi na kukuza picha mara 2.2 au 2.7, ili imwagike hadi sehemu ya retina iliyo hai. Jicho la pili huachwa liangalie pembeni, kwa kuwa lenye darubini huona eneo jembamba. Mtego uko hapa: kwa masharti ya kibali hicho, jicho lililokwisha kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho halifai. Basi kama familia ina nia ya kweli ya kuitafuta darubini hiyo, imwambie daktari kabla ya lenzi kuguswa. Na mzee ajaribiwe kwanza kwa darubini ya nje. Asipoongeza herufi yoyote kwenye ubao wa kupimia macho, ya ndani haitampa zaidi. Hatari kubwa ni konea (kioo cha mbele ya jicho) kupoteza chembe zake na kuvimba, kwani mkato wa kuipitishia darubini ni mrefu.

Cha pili ni PRIMA, chipu ya milimita 2 kwa 2 yenye pikseli (vinukta vya kupokea picha) 378, inayowekwa chini ya retina. Miwani yenye kamera hurusha picha kwa mwanga usioonekana, chipu huugeuza kuwa umeme. Katika jaribio la Ulaya lililotangazwa 2025, kati ya watu 32 waliofikisha mwaka mmoja, 26 walisoma herufi zaidi ubaoni kuliko mwanzo. Ni picha isiyo na rangi, na hupatikana baada ya miezi ya mazoezi. Anayetarajia kumwona mjukuu kama zamani asidanganywe.

Kwa upasuaji wowote wa jicho, matone ni kwa saa alizoandikiwa, jicho lisisuguliwe wala kupigwa maji machafu. Maumivu makali, wekundu unaozidi au uoni kushuka ni kurudi hospitali siku hiyohiyo, hata iwe Jumapili.

Wakati huo huo, kazi yenye faida ya haraka iko nyumbani. Mfundishe kutazama kwa kando: akae mbele ya uso wako, ahamishe jicho taratibu juu, chini, kushoto, kulia, hadi uso utokee. Kwa kawaida kuna upande mmoja unaoshinda zingine. Akishaupata, autumie hapohapo kila siku, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, akichoka asimamishe. Taa iwe nyuma ya bega lake, ikimulika karatasi. Lenzi ya kukuzia ina umbali wake: gawa 100 kwa namba ya nguvu, upate sentimita, hivyo +10 ishikwe sentimita 10 kutoka kwenye karatasi na +20 sentimita 5. Wengi huitupa lenzi nzuri kwa kuishika mbali mno. Chai ya maziwa iende kwenye kikombe cheusi, ukingo wa ngazi upakwe rangi nyeupe, na noti za 5,000 zikunjwe mara moja, za 10,000 mara mbili, kabla hajatoka kwenda sokoni.