Jinsi ya Kukadiria Idadi ya Bweha: Kazi ya Usiku katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi

Mwaka wangu wa kwanza kuhesabu bweha nilipita njia zilezile Februari na Mei. Mei niliona nusu tu ya wale wa Februari. Moyo ulinienda mbio, nikadhani wamekula sumu, na kwa siku tatu nikawa natafuta mizoga. Hapakuwa na mzoga hata mmoja. Masika yalikuwa yameanza, nyasi zimefika kiunoni, na bweha, ambaye begani ana sentimita 40 hivi tu, alikuwa humo akinitazama bila mimi kumwona. Kwa hiyo katika hatua zote zifuatazo swali ni lilelile: niliowakosa ni wangapi?

Hatua ya 1: Amua unamhesabu nani, na wapi

Tuna bweha mgongo-mweusi na bweha masikio, ambaye chakula chake kikubwa ni mchwa na wadudu wengine. Usiwachanganye kwenye hesabu moja. Mbuga ina kilomita za mraba 117 na imezungushiwa ua isipokuwa kusini, ambako wanyama huvuka Mto Mbagathi kuelekea Kitengela na kurudi. Makadirio yako basi ni ya siku ulizofanya kazi. Msitu ulioko magharibi utenge na eneo la nyasi lililo wazi.

Pata mapema vibali vya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, inayotoa vibali vya utafiti). Usiku usitoke bila askari mwenye bunduki. Kuna simba, nyati na vifaru.

Hatua ya 2: Chora mistari kwenye ramani

Anza mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha panga mistari utakayoifuata kwa nafasi sawa. Najua barabara zinavutia, lakini bweha hupenda kutembea barabarani, na ukihesabu hapo tu utapata wengi kupita kiasi.

Hatua ya 3: Mulika, tambua, pima

Gari liende polepole, kilomita 10 hadi 15 kwa saa, watu wawili wakimulika, kila mmoja upande wake. Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Sungura utamtambua kwa jicho moja jekundu, kwa kuwa macho yake yako pembeni mwa kichwa. Bweha hukukabili kwa macho mawili yanayong'aa, husimama, hukimbia hatua chache, kisha hugeuka kukuangalia tena. Usiandike kabla hujaona mwili kwa darubini.

Pima umbali hadi pale alipokuwa ulipomwona mara ya kwanza, si alikokimbilia. Soma pia pembe kati yake na mstari wako. Akiwa mita 120, kwa pembe ya digrii 30, yuko mita 60 kutoka kwenye mstari. Hiyo 60 ndiyo unayoihitaji. Wakiwa wawili pamoja, andika kundi moja la wawili.

Andika pia urefu wa nyasi, mwanga wa mwezi, mvua, na kilomita ulizopita. Usiku usioona kitu uandikwe vilevile.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Kusanya makundi 60 hadi 80 kwanza. Programu ya Distance, ambayo ni ya bure, itaangalia jinsi wanavyopungua kadiri umbali unavyoongezeka, ikupe upana halisi unaoweza kuuona. Chukua mfano wa kufundishia: umepita kilomita 400, umeona makundi 60, na upana halisi ni mita 100 kila upande. Eneo ulilolifikia ni 2 × 0.1 × 400, yaani kilomita za mraba 80. Gawa 60 kwa 80 upate makundi 0.75 kwa kilomita ya mraba. Kila kundi likiwa na wastani wa bweha 1.6, unapata bweha 1.2 kwa kilomita ya mraba. Usizidishe kwa 117! Zidisha kwa eneo la nyasi ulilolipitia.

Hatua ya 5: Thibitisha kwa kamera

Kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita zinafaa pale unapoweza kumtambua bweha mmoja mmoja kwa sikio lililochanika au kovu. Bweha hana madoa ya chui, kwa hiyo picha yenye shaka itupe. Ukitambua 11 awamu ya kwanza na 14 awamu ya pili, 5 kati yao wakiwa wa awamu ya kwanza, tumia kanuni ya Chapman, inayoongeza 1 kwa kila hesabu: (12 × 15) ÷ 6, toa 1, unapata 29. Mipaka ya kitakwimu, ambamo idadi halisi huenda imo, ni takriban 17 hadi 41, lakini tayari umewaona 20 tofauti, kwa hiyo andika 20 hadi 41. Anayekuandikia 29 peke yake amekunyima nusu ya habari.

Kinyesi hakikupi idadi. Kinakuonyesha tu kama wanaongezeka au wanapungua, na kando ya ua ni rahisi kukichanganya na cha mbwa wa mitaani. Ukitaka kukitumia kwa vinasaba, chukua kibichi, ukihifadhi kwenye ethanoli siku hiyohiyo.

Rudia mistari ileile msimu uleule mwaka unaofuata. Mimi huenda Februari, nyasi zikiwa fupi.